Ruzuku ya kujifunza kazi mpya: omba ungali jukwaani

*"Shikamoo. Mimi ni mchezaji wa dansi na ngoma, nina miaka 35. Nilisoma sanaa Bagamoyo, nikafanya kazi Dar es Salaam miaka minne, kisha nikaja Uingereza. Hapa nimecheza miaka 11: tamthilia za muziki, matamasha, maonyesho ya Krismasi, na kufundisha ngoma mashuleni. Sijawahi kuajiriwa na kampuni moja kwa muda mrefu. Goti la kulia limechoka, daktari anasema gegedu limelika. Bado nacheza, ila kwa vidonge. Nataka kusomea fiziotherapia. Nasikia kuna ruzuku za wasanii wanaobadili kazi, lakini wenzangu wananiambia ni za wacheza baleti tu, kwamba lazima uwe umeshaacha kucheza, kwamba ni sadaka, na kwamba zinaweza kuniharibia makaratasi. Ukaazi wa kudumu nimeupata mwaka jana. Mkopo wa wanafunzi siutaki kwa sababu ya riba. Nina mtoto wa miaka 6, namlea peke yangu. Nianzie wapi? Au nirudi tu nyumbani?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo, lakini nayaona yote yamebeba hofu moja: kwamba ujana wako umeumaliza kwenye kazi ambayo mwili sasa unaikataa, na kwamba hakuna mlango mwingine uliowekwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Mlango upo. Ni mwembamba, una masharti, na hautakulipia kila kitu, ila kwa maelezo uliyonipa una sifa za kuupita. Kabla ya yote shika hili: omba ukiwa bado unacheza, na uombe fedha za hatua moja inayolingana na ukubwa wa ruzuku. Wanaoomba wakiwa wameshaacha, tena wakaomba fedha za safari nzima, ndio ninaowaona wakirudi mikono mitupu.

Nianze na neno "sadaka", maana ndilo linalowanyamazisha wengi wetu mpaka muda unapita. Mchezaji huanza kujifunza akiwa mtoto, hufika kileleni katika miaka ya ishirini, na akigusa katikati ya thelathini magoti, nyonga na mgongo vinaanza kudai. Umri wa pensheni ya serikali ya Uingereza unapandishwa kutoka 66 kufika 67 ifikapo 2028. Kutoka hapo ulipo hadi 67 ni miaka 32. Ni zaidi ya mara mbili ya miaka 15 uliyokwisha kucheza, na hakuna malipo ya jukwaani yanayotosha kuweka akiba ya muda huo wote. Waliolitambua hilo mapema ni watu wa dansi wenyewe. Uingereza imekuwa na mfuko wa wachezaji wanaobadili kazi tangu miaka ya 1970, na leo unaitwa Dancers' Career Development. Kampuni kubwa kama Royal Ballet, English National Ballet na Rambert zimekuwa zikiuchangia kwa niaba ya wachezaji wao. Uholanzi wana mfuko wao tangu 1986, na huko mchezaji na mwajiri wote wawili hukatwa kila mwezi kwa ajili yake. Kwa hiyo ukiangalia chimbuko lake, hicho ni kiinua mgongo cha kazi inayomaliza mgongo mapema. Wewe uliyejiajiri hukukatwa kitu kwenye mshahara, ni kweli, lakini mfuko una fungu la wachezaji wa kujitegemea pia, watu wa aina yako. Ukiomba, usiandike kama mtu anayenyoosha mkono. Andika kama mtu aliyefanya kazi miaka 15.

Kuhusu baleti: si kweli. Baleti ndiyo iliyotangulia kujipanga, basi jina limebaki limegandana nayo. Kwa miaka mingi kipimo cha Dancers' Career Development kwa wachezaji wa kujitegemea kilikuwa miaka 8 ya kazi ya kulipwa, 5 kati yake ikiwa Uingereza. Hesabu yako inapita hapo bila taabu, na miaka yako ya Dar nayo ina uzito, maana kipimo cha namna hiyo hakisemi miaka yote iwe ya Uingereza. Hakikisha masharti ya mwaka huu kwa kuwapigia simu, kwa kuwa mifuko hubadilisha vipimo. Upo pia Equity Charitable Trust, mfuko uliotokana na chama cha wafanyakazi wa jukwaani na skrini. Huo hauangalii dansi peke yake: waigizaji, waimbaji, wachezaji na wasimamizi wa jukwaa wote wamo. Unatoa ruzuku za masomo kwa mtu mwenye angalau miaka 10 ya kazi ya kitaaluma tangu alipofikisha utu uzima, na anayetaka kujifunza kazi nyingine. Wewe unaweza kugonga milango yote miwili. Hakuna ubaya kuomba sehemu mbili mradi useme wazi kila mahali kwamba umeomba na kwingine.

Wala huhitaji kuwa umeacha. Hapa ndipo wenzako wamekupotosha vibaya zaidi, maana ukisubiri kuacha unapoteza vitu vitatu kwa mpigo: kipato cha kukushikilia wakati unasoma kidogokidogo, watu wa kukuandikia barua, na utulivu wa kuamua. Mifuko mingine pia huweka kikomo cha miaka tangu ulipocheza kwa malipo mara ya mwisho. Tena jambo la kwanza wanalotoa mara nyingi si fedha, ni mazungumzo: unakaa na mshauri saa moja au zaidi, mkapanga. Hayo unaweza kuyaanza mwezi huu, asubuhi, jioni ukaenda zako jukwaani.

Sasa makaratasi. Masharti ya vibali vya hapa yanapozungumzia "fedha za umma" yanamaanisha orodha maalumu ya posho na misaada ya serikali. Ruzuku ya mfuko wa hisani haimo kwenye orodha hiyo. Na wewe uliyekwisha kupata ukaazi wa kudumu hata hilo katazo lenyewe halikuhusu tena. Ninaowasihi waende polepole ni wale walio bado kwenye viza ya kazi au ya mwenza: kwao swali si ruzuku, ni kama kubadili kazi au kusoma kunagusa kibali walichonacho. Hao waende kwa mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, ofisi iliyojulikana kama OISC hadi Januari 2025. Wasiende kwa mtu wa kwenye kundi la WhatsApp, hata awe na moyo mzuri kiasi gani.

Nikufikishe mahali ambapo maombi mengi hufia. Ni ushahidi. Kamati haikukatalii kwa sababu haikuamini. Inakukatalia kwa sababu haina cha kushika. Mwajiriwa wa kampuni moja ana barua moja inayosema kila kitu. Wewe una miaka 15 iliyokatwa vipande vya wiki sita, wiki tatu, siku mbili.

Aliwahi kuja kwangu mchezaji wa kiume mwenye historia inayofanana na yako, amebeba bati la biskuti. Ndani mlikuwa na mikataba iliyokunjwa mara nne, hati za malipo zilizofifia wino, vitambulisho vya nyuma ya jukwaa bado vina kamba zake, na vijitabu vya maonyesho. Tulivitandaza vyote sakafuni, mwaka kwa mwaka, kutoka dirishani hadi mlangoni. Palipokuwa na nafasi tupu kwenye zulia, ndipo palipokuwa na nafasi tupu kwenye maombi yake. Tukakuta miezi minne inayopungua ili miaka 10 itimie. Akakaa kimya, kisha akasema, "Ile pantomaimu." Alikuwa amecheza onyesho la Krismasi kwenye mji mdogo, mkataba umepotea, lakini kijitabu kilikuwa na picha yake na jina lake, na taarifa ya benki ya Januari ilionyesha malipo. Tukaenda miaka miwili nyuma tukakuta nyingine ya aina hiyohiyo, na ziara ya mashule ambayo yeye hakuwahi kuihesabu kuwa kazi. Miezi minne ikapatikana na ikazidi.

Fanya hivyohivyo. Chukua sakafu yako. Anza na marejesho ya kodi ya kila mwaka, maana hayo ni uti wa mgongo: yanaonyesha ulijiajiri kama nani na uliingiza nini. Juu yake weka mikataba, hati za malipo, taarifa za benki, vijitabu, barua pepe za kukuita kazini. Kufundisha ngoma mashuleni andika pia, ila kwenye safu yake, kwa sababu mifuko mingi hutenganisha kucheza na kufundisha.

Miaka ya Dar isikutishe. Wewe ni mtu wa Bagamoyo: chuo kina kumbukumbu za wahitimu, na kinaweza kukuandikia barua. Kama uliwahi kusafiri na kikundi kwenda nje kabla hujahamia huku, basi kulikuwa na kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, cha kutoka nchini. Nakala ya kibali hicho, pamoja na mhuri kwenye pasipoti ya zamani, ni ushahidi ambao kamati ya London inauelewa bila maelezo. Kiongozi wa kikundi ulichocheza nacho aandike tarehe, aina ya kazi na kwamba ulilipwa. Neno "ulilipwa" ni la lazima. Barua nyingi za kutoka nyumbani husifu tabia ya mtu aya tatu nzima, hazisemi hata mara moja kwamba alikuwa kazini.

Baada ya ushahidi, kamati inasoma kitu kimoja zaidi: je, mpango huu unasimama? Hawatafuti hadithi ya huzuni. Goti lako litaje kwa sentensi mbili, uambatanishe barua ya daktari, basi. Wanachotaka kujua ni chuo gani, kozi gani, inaanza lini, ada ni shilingi ngapi mpaka senti ya mwisho, wewe unachangia nini, kinapungua nini, na ukimaliza nani atakuajiri. Mtu aliyekwisha kwenda kukaa siku mbili kwenye wodi kuangalia fiziotherapia inavyofanywa anaandika sentensi ambayo mwingine hawezi kuitunga. Na fahamu kwamba mara nyingi fedha huenda moja kwa moja kwa chuo, au unarudishiwa baada ya kuonyesha risiti. Usipange kodi ya nyumba ya mwezi ujao kwa fedha hizo.

Hapo ndipo tunafika kwenye hesabu, na sitakuficha. Shahada ya fiziotherapia England ni miaka mitatu. Ada ya juu kwa mwenyeji katika mwaka wa masomo 2025/26 ilikuwa pauni 9,535, ambayo mara tatu ni 28,605. Hakuna ruzuku ya mfuko wa wasanii ninayoijua itakayobeba mzigo huo. Njia ya wengi ni mkopo wa serikali, na wewe umeshasema riba huitaki. Hilo ni la dini yako na sitakushawishi vinginevyo. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2017 inayoruhusu kuwekwa utaratibu usio na riba kwa wanafunzi Waislamu, lakini miaka imepita na utaratibu wenyewe haujaanza, kwa hiyo usiukalie. Kama unataka kujua wanazuoni wa hapa wanasemaje kuhusu namna mkopo huu unavyolipwa kupitia kipato na kufutwa baada ya miaka 40, kaa na sheikh unayemwamini. Wapo wenye mitazamo tofauti, na ni vizuri uamue ukiwa umesikia.

Lakini sikiliza kilichopo bila riba. Mwanafunzi wa fiziotherapia anayestahili msaada wa wanafunzi England anaweza kupata ruzuku ya NHS, huduma ya afya ya serikali, ya pauni 5,000 kwa mwaka, isiyorudishwa, na mwenye mtoto anayemlea huongezewa 2,000. Neno la kuzingatia ni "anayestahili": si lazima uwe umeuchukua mkopo, inatosha kuwa ungeweza kuupata, na ukaazi wako wa kudumu pamoja na miaka uliyoishi hapa ndivyo vinavyokuweka kwenye kundi hilo. Hiyo ni 7,000 dhidi ya ada ya 9,535. Pengo ni pauni 2,535 kwa mwaka. Ghafla tarakimu imekuwa ya ukubwa ambao mfuko wa wasanii unaweza kuuzungumza nawe. Kuna pia ruzuku ya malezi ya mtoto kwa wanafunzi wa muda wote wenye kipato kidogo, inayofika asilimia 85 ya gharama za malezi, nayo hairudishwi.

Usishangilie bado. Bado hujala, hujalipa kodi ya nyumba, na ratiba ya fiziotherapia haikuachii muda wa kufanya kazi sana: mwanafunzi anatakiwa kukaa takriban saa 1,000 kwenye mafunzo ya vitendo hospitalini na kwingineko, nyingine zikianza alfajiri, mbali na nyumbani. Mzazi anayelea peke yake anaweza kuendelea kudai Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, akiwa mwanafunzi, lakini fedha nyingine unazopokea zinaweza kuigusa. Nenda Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, au kwa mshauri wa fedha wa chuo chenyewe, wakupigie hesabu ya vyote kwenye karatasi moja kabla hujasaini chochote. Na kwenye kodi usijidanganye: ada ya kujifunza kazi mpya haikatwi kama gharama ya biashara yako ya uchezaji.

Kuna njia nyingine ya kufika palepale, na kwa hali yako ndiyo ningeitazama kwanza. Ni uanagenzi wa shahada. Unaajiriwa na hospitali, unalipwa mshahara, ada inalipiwa na mwajiri, na mwisho unatoka na shahada ileile na kusajiliwa HCPC, baraza la wataalamu wa afya, kama wengine. Hakuna kikomo cha umri juu. Ugumu wake ni kwamba nafasi ni chache, na mara nyingi zinachukuliwa na watu waliokwisha kuwa ndani ya NHS kama wasaidizi. Basi ingia kwa mlango wa wasaidizi. Msaidizi wa fiziotherapia anaajiriwa na kulipwa tangu siku ya kwanza. Kazi yake ni kumwinua mzee aliyevunjika nyonga, kumhesabia hatua, kumwonyesha tena zoezi lilelile mara ya kumi bila kuchoka. Mtu aliyefundisha ngoma watoto thelathini kwenye ukumbi wa shule hahitaji kuambiwa namna ya kurudia hatua kwa subira. Wengine huanza kwenye kazi hiyo bila hata kujua jina la msuli mmoja. Wewe unaijua misuli kwa maumivu yake.

Sasa ruzuku inakaa wapi? Inakaa mwanzoni. Vyuo vitakutaka uwe na diploma ya Access ya sayansi ya afya, kozi ya kuwaandaa watu wazima kuingia chuo kikuu, mwaka mmoja, ada yake ikiwa kwenye pauni elfu tatu na zaidi kidogo, tena baadhi ya vyuo huifundisha jioni au kwa mtandao. Hiyo ndiyo hatua yenye ukubwa wa ruzuku. Ina mwanzo, ina mwisho, ina cheti, na inaweza kufanyika huku ukicheza misimu miwili ya mwisho au ukiwa msaidizi hospitalini. Wasio na tatizo la riba wafahamu kwamba mkopo wa Access hufutwa salio lake mtu akimaliza shahada, lakini kwako wewe ndipo mfuko unapoingia. Kabla ya hapo, peleka vyeti vyako vya kidato cha nne na cha Bagamoyo kwa UK ENIC, ofisi inayotathmini vyeti vya nje, vilinganishwe na vya hapa. Kiingereza au hesabu ikionekana haijafika kiwango, England huwasomesha watu wazima masomo hayo mawili bila ada. Usione aibu kurudi kwenye hesabu za sehemu na asilimia ukiwa na miaka 35. Utakaa darasani na madereva, wapishi na akina mama wenye wajukuu.

Watakuambia pia usomee ualimu wa pilates, yale mazoezi ya kuimarisha mwili. Kila mchezaji anaambiwa. Ni kozi ya miezi, unaanza kuingiza fedha haraka, na ukiwa na jina zuri mtaani inakwenda. Lakini soko lake limejaa wachezaji wa zamani, hakuna likizo ya ugonjwa, hakuna pensheni ya kazini isipokuwa ya kujiwekea, na mwili wako unabaki kuwa ndicho chombo chako cha kazi. Kama kazi ya pembeni wakati unasoma, sawa. Kama ndiyo kazi mpya yenyewe, kwa mama aliye peke yake, mimi ningesita.

Na fiziotherapia nayo ina swali lake, ambalo sitaki uliulizwe mara ya kwanza kwenye usaili. Goti lako linakwenda nawe. Kazi ile ni ya kusimama, kuchuchumaa na kubeba uzito wa watu. Kabla hujalipa hata pauni moja, pata jibu la kitaalamu kuhusu goti hilo, si jibu la "bado nacheza". Muulize daktari wako akuelekeze kwenye kliniki za majeraha ya wachezaji zinazoendeshwa ndani ya NHS kwa ushirikiano na taasisi ya kitaifa ya tiba na sayansi ya dansi, NIDMS. BAPAM, shirika la hisani la tiba ya wasanii, hutoa ushauri bila malipo kwa watu wa jukwaani, na wao wameshaona magoti mengi kama lako. Wakikuambia wodi za mifupa hazikufai, bado kuna fiziotherapia ya mikono, ya mapafu, ya watoto, na kuna tiba ya kazi, yaani kumsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku, ambayo haikai mbali. Usiendelee kumeza vidonge ili umalize msimu bila mtu kujua unameza vingapi. Hilo ni la kwenda kumwona daktari wiki hii, ana kwa ana.

Lingine la ana kwa ana ni moyo. Hukuliandika, lakini liko kati ya mistari. Kuacha kucheza ni msiba, na wengi huomboleza peke yao kwa sababu hakuna maiti wala matanga. Ukiona usingizi umekwisha, chakula hakipiti, au unaanza kuhisi kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila wewe, usisubiri mshauri wa kazi kama mimi. Mpigie daktari wako siku hiyohiyo. Usiku wa manane Samaritans wapo kwenye 116 123, simu haina malipo. BAPAM na Dancers' Career Development nao wanazo njia za kukuunganisha na mshauri nasaha anayejua maisha ya jukwaani.

Kurudi nyumbani ni uamuzi wa familia na sitauingilia, ila usirudi kwa kudhani huko kuna ruzuku ya namna hii. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania unatoa mikopo ya kukuza kazi za sanaa, jambo jema, lakini lengo lake si kumlipia msanii ada ya kusomea kazi nyingine. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, nao unawasaidia sana mafundi. Sijaona ukimsaidia mchezaji. Ukitaka kurudi, rudi na usajili wa taaluma mkononi. Hospitali za nyumbani zina uhaba wa watu wa kazi hiyo, na mwenye cheti na Kiswahili chake hatakaa bila kazi.

Kwa wanaosoma jibu hili wakiwa kwingineko: Canada kuna Dancer Transition Resource Centre tangu 1985. Marekani, Career Transition For Dancers ilianzishwa mwaka huohuo, na tangu 2015 imo ndani ya shirika ambalo sasa linaitwa Entertainment Community Fund, lenye kituo cha kazi kinachohudumia pia waigizaji na wanasarakasi. Ujerumani kuna Stiftung TANZ tangu 2010. Ninyi wanasarakasi wa Mombasa na Dar mlio Ulaya, ulizeni mapema kama mfuko unawahesabu kuwa wachezaji. Mingine inakubali, mingine inakataa, na mkataba ulioandikwa "msanii na mchezaji" unaweza kubadili jibu. Mwombeni mwajiri auandike hivyo kama kweli mnacheza.

Mdogo wangu, kozi za Access nyingi huanza Septemba, na maombi ya ruzuku yanaweza kufungwa miezi kadhaa kabla ya hapo. Kinachochelewesha zaidi ya vyote kitakuwa barua kutoka Bagamoyo, maana itapita meza kwa meza. Iombe leo. Waandikie jina ulilosajiliwa nalo chuoni kama ni tofauti na la sasa, mwaka wa kuhitimu, na uwatumie picha ya cheti. Kisha mtume mtu wa nyumbani aende kwa miguu yake akaifuatilie, kwa sababu barua pepe peke yake haitoshi. Ukiipata, nipigie. Tutatandaza zilizobaki sakafuni.